Kunguru wa Bara Hindi na Namna ya Kukaa Naye

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za ndege ambaye hakuna mtu wa pwani asiyemjua, wala hakuna mpishi asiyewahi kumtukana. Namsema kunguru. Si yule kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe, la, bali yule mwembamba kidogo kuliko yeye, mwenye shingo na kifua cha rangi ya majivu, aitwaye kunguru wa Bara Hindi, na ambaye Mombasa na sehemu nyingine za pwani ya Kenya wengi humwita kurabu. Wataalamu wa ndege wamempa jina la Kilatini, Corvus splendens, maana yake kunguru ang'aaye. Nadhani aliyempa jina hilo hakuwahi kuanika dagaa.

Nimechagua habari hii kwa sababu tumezoea kumpiga vita ndege huyu kwa mawe na matusi, na wengine kwa sumu, naye huzidi tu. Twapigana na adui tusiyemjua. Twajua kelele zake na wizi wake, lakini hatujui alikotoka, wala anavyolala, wala anavyolea watoto wake, wala anavyotukumbuka nyuso zetu. Na yote hayo yana maana kubwa kwa mtu mwenye vifaranga uani kwake.

Kwanza, alikotoka. Kunguru huyu si mwenyeji wa Afrika. Kwao ni Bara Hindi, pamoja na Pakistan, Nepal, Bangladesh, Sri Lanka, na nchi ya Myanmar iliyokuwa ikiitwa Burma. Hata huko kwao hakai mwituni. Hilo ni jambo ambalo nawaomba mlishike vema, maana mengi nitakayosema baadaye yanalitegemea: hapajulikani mahali popote duniani ambapo ndege huyu huishi peke yake, mbali na watu. Simba ana nyika yake, kima ana msitu wake, na kunguru wa Bara Hindi ana mji wetu. Penye nyumba, soko, bandari na jaa, hapo ndipo kwake. Pasipo na vitu hivyo humwoni.

Katika miaka ya 1890 aliletwa Unguja kwa makusudi. Mji ule ulikuwa na watu wengi na takataka nyingi, na wakubwa wa siku zile waliona ni busara kuleta ndege aliyejulikana katika miji ya Bara Hindi kwa kula uchafu, ili awe mfagiaji asiyetaka mshahara. Lakini mfagiaji huyu hakujua mpaka uliopo kati ya takataka na chakula, wala kati ya mzoga wa panya na kifaranga kilicho hai. Kufika mwaka 1917 Unguja ilikuwa imekwisha kumhesabu kuwa ndege mharibifu. Kumleta kulikuwa kazi ya safari moja ya meli; kumwondoa kumekuwa kazi ya miaka zaidi ya mia, nayo haijaisha.

Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na baadaye akaenea katika miji ya mwambao, kaskazini hata Malindi, na kusini hata Tanga na Dar es Salaam. Wako waliovuka kwa mabawa yao wenyewe, na wako waliosafiri kama abiria. Kunguru huyu hupenda meli. Hutua juu yake bandarini kutafuta mabaki ya jikoni, na meli ikiondoka haoni haja ya kushuka, maana jiko nalo linasafiri. Kwa njia hiyo amefika katika bandari nyingi za dunia. Mwaka 1994 ndege wawili walionekana hata katika bandari ya Hoek van Holland, huko Uholanzi, nchi ya baridi na theluji. Wakazaa, na wazao wao wakakaa pale miaka, mpaka serikali ya nchi ile ilipoamua kwamba waondolewe wote kabla hawajawa wengi. Waholanzi walihofu ndege wasiozidi makumi machache. Sisi tunao kwa malaki, na twawaangalia kama sehemu ya hali ya hewa.

Sasa tumtazame siku yake inavyokwenda. Usiku kunguru hawalali mmoja mmoja. Hukusanyika mamia, na mahali pengine maelfu, katika miti mikubwa michache, kama vile miembe au mivinje, nao huirudia miti hiyo hiyo usiku baada ya usiku. Ukikaa barazani jua linapokaribia kuchwa, utawaona wakipita angani makundi makundi, wote wakielekea upande mmoja kama watu watokao kazini. Wakifika hawanyamazi upesi. Huhama matawi, hugombea nafasi, hupigiana kelele mpaka giza limeshika. Alfajiri, kabla ya jua kutoka, kelele huanza tena, kisha hutawanyika. Wako wanaokwenda sokoni, wako wanaokwenda pwani kungoja ngalawa, wako wanaokwenda penye machinjio, na wako wanaokuja kwako na kwangu.

Wala hawaji kwa kubahatisha. Kunguru hujua saa. Mama anayekuna nazi kila siku wakati ule ule, akatupa machicha nyuma ya nyumba, atakuta kunguru wamekwisha kutua juu ya paa kabla hajainuka kwenye mbuzi ya kukunia. Katika shule, dakika chache kabla ya kengele ya mapumziko, kunguru huwa wamejipanga juu ya ukuta, kwa kuwa wanajua kwamba watoto watatoka na mihogo na maandazi. Nanyi wanafunzi mnaonisikiliza, fanyeni jaribio hili wenyewe: andikeni kwa muda wa juma moja saa wanayofika na idadi yao, na siku ya mapumziko ya shule andikeni tena. Mtajifunza habari za kunguru kuliko mtakavyojifunza kwa hotuba yangu.

Akipata chakula kingi kuliko kiasi cha tumbo lake, hukificha. Hukisukuma chini ya majani ya makuti, au katika ufa wa ukuta, kisha huweka kipande cha jani au karatasi juu yake. Lakini hutazama kwanza kama kuna mwenziwe anayemwangalia, maana mwizi hakosi kujua kwamba wizi upo.

Akili hii ni ya ukoo wake wote. Huko Ulaya yuko ndege wa ukoo wa kunguru, mweusi na mweupe, mwenye mkia mrefu, ambaye wataalamu humwita Pica pica. Mwaka 2008 wataalamu wa Ujerumani waliandika habari za ndege watano wa namna hiyo waliowekwa mbele ya kioo. Walibandikwa alama ya rangi chini ya koo, mahali ambapo ndege hawezi kupaona kwa macho yake mwenyewe. Baadhi yao walipojitazama kiooni waliinua mguu na kujikuna pale pale penye alama, si katika kioo bali katika mwili wao. Yaani, waliofanya hivyo walitambua kwamba yule wa kiooni ni wao wenyewe. Wanyama wengi hawawezi jambo hilo. Mbwa huona mbwa mwingine, na jogoo hupigana na kioo mpaka achoke.

Jambo la pili la kustaajabisha latoka Marekani, katika mji wa Seattle. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington waliwakamata kunguru saba wa nchi ile, wakawatia alama miguuni, kisha wakawaachia huru. Wakati wa kuwakamata, walivaa usoni kinyago cha mtu wa kale wa mapangoni. Tangu siku ile, mtu yeyote aliyepita pale akiwa amevaa kinyago kile, awe mrefu au mfupi, mwanamume au mwanamke, alipigiwa kelele na kufuatwa na kunguru. Lakini aliyevaa kinyago kingine alipita salama. Tena, waliopiga kelele hawakuwa wale saba tu. Walikuwamo wengi ambao hawajawahi kushikwa kamwe, na wengine hawakuwa wamezaliwa mwaka ule. Walijifunza kwa wenzao. Zaidi ya miaka kumi ilipita, na kinyago kile bado kilikuwa na uadui.

Kunguru wa Seattle si yule wa kwetu, bali ni ndugu yake, na kila mkazi wa Mombasa au Unguja amepata kuona mambo yanayofanana na hayo. Mtoto akimpiga kunguru kwa manati asubuhi, jioni hupigiwa kelele njia nzima, na kaka yake akipita pale pale haulizwi neno. Watu husema kwamba kunguru ana kinyongo. Mimi nasema kwamba ana kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ndiyo sababu mitego mingi hukamata wachache siku ya kwanza na siku ya tatu haikamati kitu. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Walikuwa wakimsema kunguru wa zamani, lakini huyu mgeni naye amesoma darasa hilo hilo.

Sasa nije katika jambo linaloleta ugomvi mkubwa, yaani kiota. Dume na jike hushikamana, nao hujenga kiota cha vijiti katika mwembe, mkungu, mnazi, au hata juu ya nguzo ya taa. Mjini, ambako vijiti ni haba, hutumia vipande vya waya, na vimepata kuonekana viota ambavyo karibu chote ni waya. Ndani huweka nyuzi za kumbi la nazi, vitambaa na manyoya. Jike hutaga mayai matatu hata matano, yenye rangi ya kibuluu kilichochanganyika na kijani, na madoadoa ya kahawia. Mayai huanguliwa baada ya siku kumi na sita au kumi na saba, na makinda hukaa kiotani karibu majuma manne. Wakitoka huwa bado hawajui kuruka sawasawa. Hukaa chini ya mti au juu ya ukuta mfupi, wakipanua midomo na kulia.

Katika majuma hayo wazazi hawana simile. Mtu akipita chini ya mti wao, humshukia kutoka nyuma na kumgonga kichwani kwa makucha au kwa mdomo, kisha hupaa na kurudi. Wakipiga mlio wa hatari, kunguru wa jirani nao huja, na mtu mmoja huweza kujikuta amezungukwa na ndege ishirini wasiokuwa na neno naye asubuhi. Mara nyingi mtu yule huwa hakufanya kosa. Hakuliona kinda lililokaa nyuma ya pipa.

Nini basi la kufanya? Kwanza, usikimbie ovyo, maana wengi huumia kwa kujikwaa kuliko kwa mdomo wa ndege. Tembea, ondoka mahali pale, na utazame nyuma, kwa kuwa kunguru hupenda kumshukia mtu asiyemwangalia. Vaa kofia, au weka ungo au kapu juu ya kichwa, kama kina mama wengi wanavyofanya. Kama njia ni ya watoto wa shule, watu wazima waifunge kwa kamba na kuwapitisha watoto upande mwingine kwa majuma mawili matatu, mpaka makinda yaruke. Wala usimwokote mtoto wa kunguru kwa huruma ukampeleka nyumbani. Ukimbeba mbele ya wazazi wake, utakuwa wewe ndiye mwenye kinyago. Tena, kunguru hafugiki. Methali hiyo wengi huitumia kwa watu, lakini kwa kunguru mwenyewe pia ni kweli tupu.

Kuvunja kiota ni halali kwa anayetaka kuwapunguza, ila kuna wakati wake. Ukikivunja kabla ya mayai, watajenga kingine upesi. Ukikivunja kikiwa na mayai, hasara yao ni kubwa zaidi, ingawa pia huweza kutaga tena. Kwa hiyo mti wenyewe lazima utazamwe kila juma muda wote wa kutaga. Kazi hiyo ifanywe na watu wawili, mmoja juu na mmoja chini wa kumlinda mwenziwe. Na kiota kilicho juu ya nguzo yenye nyaya za umeme kiacheni kwa mafundi wa umeme. Mtu asife kwa ajili ya mayai manne.

Sasa madhara yake, maana wako watu wa mbali, hasa wageni, wanaotuona kuwa wakatili kwa kumchukia ndege. Kuku wa mwanamke wa kijijini ni benki yake. Akitotoa vifaranga kumi, anajua tangu siku hiyo ni wangapi watanunua daftari na wangapi watanunua dawa. Kunguru wawili huja. Mmoja humchokoza mama kuku kwa mbele mpaka atoke kwa hasira, na mwenziwe hutwaa kifaranga kwa nyuma. Katika siku chache hubaki watatu. Nimesikia watu wakicheka habari hizi. Mwenye kuku hacheki.

Kwa wavuvi, hunyakua dagaa walioanikwa, na wale asiowala huwachafua. Kwa wafugaji, hutua mgongoni mwa ng'ombe au punda mwenye kidonda, na badala ya kidonda kupona huzidi kuwa kikubwa. Huleta mifupa na matumbo ya samaki kutoka jaani na kuyaangusha juu ya paa, na mvua ikinyesha maji ya paa lile ndiyo yanayoingia katika tangi la kunywea.

Lakini hasara iliyo kubwa kuliko zote haina mwenye kuilalamikia, kwa kuwa ni ya ndege wengine. Kunguru wa Bara Hindi hula mayai na makinda ya tetere, ya shore, ya chozi, ya mnana na ya wengine wengi. Hutafuta viota kwa utaratibu, mti kwa mti. Mzee aliyezaliwa katika mji wa pwani kabla hawajawa wengi atakuambia ni ndege gani waliokuwa wakiimba bustanini kwao. Mjukuu wake leo huamshwa na sauti moja tu. Hata kunguru wetu mwenye kifua cheupe, aliye mkubwa kwa mwili kuliko yule mgeni, amefukuzwa katika sehemu nyingi za miji ya pwani, kwa kuwa yeye huja wawili, na wageni humjia ishirini.

Tumpe haki yake pia. Hula mizoga, panya, nzige na wadudu wengi, na mahali pasipo na mtu wa kufagia, yeye hufagia kidogo. Ila kazi hiyo tungeweza kuifanya wenyewe, na kwa gharama ndogo kuliko vifaranga.

Huko kwao Bara Hindi yuko ndege mmoja wa ukoo wa kekeo anayemtia hasara: hutaga yai lake katika kiota cha kunguru, na kunguru hulea mtoto asiye wake. Ndege huyo hayupo kwetu. Kunguru aliletwa, mdai wake akaachwa.

Watu wamejaribu nini? Mawe na manati humfundisha tu kuwajua warusha mawe. Kunguru aliyekufa akitundikwa juu ya mti, wenziwe huja kumlilia kwa ghasia kubwa na kuhepa mahali pale, lakini si kwa siku nyingi. Wako wanaowapaka vifaranga rangi nyekundu au ya zambarau ili kunguru awaogope. Nadhani husaidia mpaka atakapomwonja mmoja.

Bunduki humtisha, lakini haziwezi kupigwa katikati ya mji. Sumu ndiyo iliyoleta matokeo makubwa, na ndiyo inayotaka maneno ya uangalifu. Ipo dawa moja iitwayo Starlicide, ambayo hutiwa katika vipande vya nyama. Kunguru aliyekula hafi papo hapo, bali hufa baada ya saa nyingi, mara nyingi akiwa amekwisha kurudi kulala. Kwa sababu hiyo wenziwe hawajui kwamba ni nyama ile iliyomwua, na hawaiogopi. Kwa dawa hiyo, Unguja ilipunguza kunguru wake sana katika miaka ya 1990, na Malindi na Watamu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kazi ilipokoma, wakaongezeka tena. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza shauri la kuwaondoa kunguru milioni moja. Kazi hiyo ni ya watu waliofundishwa, wenye ruhusa ya serikali. Mwananchi asichukue sumu ya panya au dawa ya shambani akaipaka nyama na kuitupa nyuma ya nyumba. Atakayeila ni mbwa wa jirani, paka wa mtoto, mwewe na tai. Na kuku akidonoa mabaki, basi mwenye sumu atakuwa amefanya mwenyewe kazi ya kunguru. Huweza hata kufika kwa mtoto anayetambaa.

Mtego ni salama zaidi. Dar es Salaam vimetumika vizimba vikubwa vya mbao na wavu wa waya, virefu kama kimo cha mtu au zaidi. Juu yake huachwa uwazi uliopangwa vijiti kama vipandio vya ngazi. Kunguru akunjaye mabawa huweza kudondoka katikati ya vijiti hivyo na kuingia. Akitaka kutoka lazima akunjue mabawa ili aruke, na mabawa yaliyokunjuliwa hayapiti. Ndani huwekwa kunguru wachache walio hai, wenye chakula, maji na kivuli, kwa sababu kunguru aliye juu ya mti haamini chakula, bali huamini kunguru mwenziwe anayekula. Kizimba kitazamwe kila siku, na ndege wa namna nyingine walioingia waachiliwe. Kijiji kizima kikichanga kwa kizimba kimoja, gharama si kubwa.

Ila nawaomba mkumbuke lile nililosema mwanzo, kwamba ndege huyu hana msitu ila mji wetu. Tuseme soko moja hutupa chakula cha kutosha kunguru mia mbili. Ukiwaua mia moja, mia waliosalia watakula maradufu, watalea makinda mengi zaidi kuliko zamani, na wengine watakuja kutoka soko la pili, maana hapa pana nafasi. Soko lile lile likifunika takataka zake, au kuzichukua kabla ya jua kuchwa zisilale, kunguru mia mbili hawatakuwa na cha kula kesho, wala hakuna mtu aliyeshika bunduki. Ndiyo sababu Unguja na Malindi walirudi: waliondolewa wageni, na karamu ikaachwa mezani.

Basi nyumbani anzeni na machicha ya nazi na matumbo ya samaki. Hivyo viwili ndivyo vinavyomleta kunguru uani kuliko kitu kingine. Vichimbieni shimo lenye kina cha mkono, na kila mkitupa mfukie kwa udongo au majivu. Baada ya miezi mtapata mbolea nzuri ya migomba. Pipa lisilo na kifuniko ni sahani. Mabaki ya wali ya mbwa yasiachwe chomboni mbwa akisha shiba.

Vifaranga viwekwe chini ya tenga pamoja na mama yao, penye kivuli, na chakula na maji humo humo, mpaka vifikie ukubwa wa njiwa au zaidi, yaani majuma sita au zaidi. Wengi huvifungulia katika juma la pili kwa kuona tenga ni taabu, na taabu ya tenga huisha siku ile, pamoja na vifaranga. Asiye na tenga atandaze wavu mkuukuu wa kuvulia juu ya nguzo nne. Wavu huo huo ni dawa ya dagaa: usilazwe juu ya samaki wenyewe, bali uinuliwe kwa miti kiasi cha dhiraa moja, ili mdomo usifike. Wavuvi hawakosi nyavu zilizochakaa, na badala ya kuzichoma waweza kuwauzia wenye kuku.

Kwa wanafunzi nina neno moja zaidi. Mtakapoambiwa kuvunja viota, au mtakapochukua manati bila kuambiwa, tazameni kifua kwanza. Kunguru mwenye kifua na shingo nyeupe kama kanzu, mwenye mabawa meusi na mdomo mnene, ni wa kwetu. Sauti yake ni nzito zaidi, naye hutembea polepole kwa hatua za mzee. Katika vijiji vya bara bado wako wengi, lakini katika miji ya mwambao wamekuwa haba; na pale wanapotaga, hutaga wawili wawili katika mti mrefu ulio peke yake. Mtu anayejua mti wa namna hiyo karibu na kijiji chake na aulinde, na akiona kunguru wa majivu wanaanza kujenga jirani, viota vyao ndivyo vya kuvunja kwanza.